Kinasarangi: Pendekezo la Istilahi katika Utiaji Rangi wa Vitambaa vya Asili

Utangulizi
Anayetia kitambaa rangi ya mimea hutumia vitu viwili: rangi yenyewe, na kile kinachoifanya rangi isitoke. Cha kwanza kina majina tele katika Kiswahili: nili, hina, manjano, zingefuri. Cha pili hakina jina la jumla lililozoeleka. Makala haya yanapendekeza jina hilo.

Utaratibu
Kitambaa cha pamba huchemshwa kwanza kwa magadi ili nta iliyomo katika nyuzi itoke. Kisha hulowekwa katika maji yenye tanini, kwa mfano ya maganda ya komamanga au magome ya mikoko, ndipo kitiwe katika maji ya shabu. Kwa gramu 100 za kitambaa kikavu, gramu 15 hivi za shabu hutosha. Sufu na hariri hazihitaji tanini, kwani ni nyuzi za protini na hushikana na shabu moja kwa moja. Hatimaye kitambaa huchemshwa polepole katika rangi, tuseme ya maganda ya vitunguu. Alumini iliyomo katika shabu huushika uzi upande mmoja na rangi upande wa pili. Nili hujishikia: huingia uzini, kisha hewa huigandisha humo.

Uchanganuzi wa Msamiati
Kiswahili hutofautisha bayana hali tatu. Rangi hukoza inapokuwa nzito. Huchuja inapotolewa na maji. Hupauka inapofifishwa na jua. Kitambaa kilichotiwa manjano hukoza mara moja hata bila shabu, ilhali kikianikwa juani hupauka upesi. Kukoza, basi, si kudumu.

Kwa mintarafu hiyo, neno "kikolezo" halifai, kwa kuwa humfanya mwanafunzi adhani kwamba shabu huongeza uzito wa rangi tu, na akiridhika na rangi iliyokoza, aiache. Atagundua kosa lake nguo inapofuliwa. "Kishikizo" nalo limekwisha kuwa jina la kifungo, tena katika uwanja uo huo wa nguo. Kutohoa "modanti" kungetoa neno lisilomweleza msomaji chochote.

Yapo maneno "kinasasauti" na "kipazasauti", yaliyoundwa kwa kitenzi na nomino. Kwa kanuni iyo hiyo hupatikana "kinasarangi", wingi "vinasarangi". Kitenzi "nasa" kinabeba maana ya kushika kisiachie, ambayo ndiyo kazi ya shabu.

Hitimisho
Shabu imo majumbani, na jina lake limo kamusini. Kilichokosekana ni jina la kazi yake. Mwalimu akiwa na neno "kinasarangi" ataweza kuieleza hatua hiyo kwa Kiswahili, na mwanafunzi hatairuka.