Mtungi wa Gesi Safarini: Usimame, Upate Hewa



Safari hii tunazungumza juu ya mtungi wa gesi. Siku hizi mitungi midogo ya kilo 6 imefika vijijini kwetu. Inatoka Kyela mjini kwa pikipiki. Inapanda gari kwenda Ipinda na Matema. Inapanda boti kwenda Ikombe na Lupingu.

Gesi ni jambo jema. Moshi wa kuni huumiza macho na mapafu, hasa ya akina mama na watoto wadogo. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, watu 80 katika kila watu 100 watumie nishati safi. Kwa hiyo mitungi itazidi kuja. Lazima tujue kuisafirisha na kuitunza.

KISA CHA MAMA MMOJA

Mama mmoja alinunua mtungi mjini. Mwenye pikipiki aliulaza nyuma ya kiti, akaufunga kwa mpira. Kichwa cha jiko hakikutolewa. Barabara ilikuwa na mashimo, na mtungi uligongagonga chuma njia nzima.

Walipofika nyumbani, mama alisikia harufu mbaya. Aliuingiza mtungi chumbani. Akafunga dirisha na mlango ili watoto wasiuchezee. Usiku aliingia chumbani na kibatari. Moto ulimrukia kuanzia miguuni.

Alipoletwa zahanati, miguu yote miwili ilikuwa na malengelenge. Jirani alikuwa amempaka dawa ya meno. Nilimwuliza, "Mama, harufu hukuisikia?"

Akajibu, "Niliisikia, mwanangu. Nilidhani mtungi mpya ndivyo unavyonuka."

Mama huyo alipona baada ya wiki nyingi. Lakini msimu ule hakuweza kuingia shambani kupanda mpunga.

Kwa nini moto ulianzia miguuni? Jibu la swali hili ndilo somo letu.

GESI NI NZITO KULIKO HEWA

Moshi hupanda juu. Gesi ya kupikia haipandi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka chini. Hutambaa sakafuni kama maji. Hujaa shimoni, chini ya kitanda na ndani ya boti. Hukaa hapo ikisubiri moto.

Ndani ya mtungi, gesi imebanwa mpaka ikawa maji. Ikitoka nje hutanuka sana. Debe moja la gesi ya maji hugeuka kiasi cha madebe 250 ya gesi ya hewa. Hivyo hata tundu dogo ni hatari.

Gesi yenyewe haina harufu kali. Harufu mbaya huongezwa makusudi ili tujue kwamba inavuja. Harufu hiyo ni kengele ya hatari. Mtungi mzima haunuki.

Huko Matema hufika wageni wenye magari ya safari yaliyo na kitanda na jiko ndani. Gari la namna hiyo likitengenezwa vizuri, mtungi huwa na kisanduku chake, kilichotengwa na chumba cha kulala. Kisanduku kina tundu linalotokea nje. Tundu hilo liko chini, si juu. Gesi ikivuja humwagika nje ya gari. Nasi tufuate akili hiyo hiyo: mtungi usimame, na hewa ipite chini yake.

KABLA YA SAFARI

1. Kagua mtungi. Usipokee mtungi wenye kutu nyingi au uliobonyea.
2. Mwombe muuzaji aupime kwenye mizani mbele yako.
3. Paka povu la sabuni mdomoni mwa mtungi. Povu likitoa mapovu mapya, mtungi unavuja. Usipime kwa kiberiti hata siku moja.
4. Toa kichwa cha jiko. Hakikisha koki imefungwa na kifuniko kipo.

Mtungi uliokwisha bado una gesi kidogo. Usafirishe kwa uangalifu ule ule.

KWENYE PIKIPIKI NA GARI

Usilaze mtungi. Mtungi ukisimama, gesi ya maji hukaa chini na gesi ya hewa hukaa juu karibu na koki. Ukilala, gesi ya maji huja mdomoni. Koki ikivuja wakati huo, gesi nyingi sana hutoka kwa muda mfupi.

Kwenye pikipiki, simamisha mtungi ndani ya kreti imara, uufunge kwa kamba usicheze. Uwe mbali na bomba la moshi.

Gari la mizigo lililo wazi ni bora kuliko gari la abiria lililofungwa. Funika mtungi usipigwe na jua kali, lakini acha hewa ipite. Usiuache ndani ya gari lililofungwa juani. Usiuweke pamoja na petroli au mafuta ya taa. Asiwepo mtu anayevuta sigara.

KWENYE BOTI

Boti ni kama bakuli. Gesi ikivuja ndani yake haina pa kutokea. Hukaa chini, mahali pa maji ya kukumba. Cheche moja ya mashine inatosha kuiwasha, na katikati ya ziwa hakuna pa kukimbilia.

Sikilizeni mazungumzo haya:

"Mama, mtungi huu tuuweke wapi?" aliuliza nahodha.

"Uweke kule chini, baba, usilowe maji."

"Hapana, mama. Maji hayauharibu mtungi kwa safari moja. Lakini chini ndiko gesi inakokaa. Tutausimamisha mbele, mahali pa upepo, tuufunge."

Nahodha huyo alisema kweli. Mtungi ukae mbali na mashine na mafuta yake. Kama mnasikia harufu ya gesi, msiwashe mashine. Shukeni pwani kwanza, mfunue mbao za chini, upepo upite. Kama unasafiri kwa meli, mwambie mfanyakazi wa meli kabla ya kupanda.

Sote tunavijua vyungu vya Wakisi vinavyouzwa Matema. Hakuna anayevitupa botini, maana vitavunjika. Chungu kikivunjika, tunapoteza chungu. Mtungi ukivuja, tunaweza kupoteza watu.

NYUMBANI NA DUKANI

Simamisha mtungi mahali pakavu penye hewa, mbali na moto. Usiuweke shimoni wala chumba cha kulala. Chumba cha kupikia kiwe na matundu chini ya ukuta au chini ya mlango. Dirisha la juu peke yake halitoshi.

Wakati wa mvua kubwa, ufunge mtungi kwenye nguzo. Mtungi mtupu huelea na unaweza kuchukuliwa na mafuriko.

Wenye maduka wasirundike mitungi karibu na nyumba za watu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, gari la gesi lililipuka karibu na makazi. Watu kadhaa walikufa na zaidi ya 200 waliumia.

UKISIKIA HARUFU

Usiwashe kiberiti, kibatari wala taa ya umeme. Funga koki. Fungua milango. Toa watoto nje, kisha toa mtungi kama unaweza. Kama mtungi unawaka na huwezi kufunga koki, usiusogelee. Watu wote waende mbali. Piga simu Zimamoto, namba 114.

MTU AKIUNGUA

1. Kama nguo zinawaka, alale chini na kubingirika. Asikimbie.
2. Mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka mahali palipoungua, kwa dakika 20.
3. Vua pete na bangili mapema. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiibandue.
4. Usipake dawa ya meno, asali, unga, mafuta wala yai. Usipasue malengelenge.
5. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke zahanati mara moja. Usichelewe kabisa kama ni mtoto, au kama ameungua uso, mikono au sehemu kubwa ya mwili.

Kumbuka: kinga ni bora kuliko tiba.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini moto ulianzia miguuni mwa yule mama?
2. Alikosea wapi baada ya kufika nyumbani? Mwenye pikipiki alikosea wapi?
3. Chumba chenu cha kupikia kina tundu la hewa chini? Kama halipo, mtalitoboa lini?
4. Kijijini kwenu mitungi huletwa kwa chombo gani? Nani atazungumza na wenye vyombo hivyo?