Daftari la Taka za Hospitali

Kila mgonjwa anapochomwa sindano, iwe Kibaha au Kisarawe, hubaki sindano ya kutupwa. Je, huishia wapi? Jibu liwe daftarini.

Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zinamtaka anayesafirisha au kuteketeza taka za hatari awe na kibali. Yampasa aandike tarehe, aina na uzito wa taka, zilikotoka, aliyezipokea na zilivyoteketezwa, kisha atoe taarifa kwa mamlaka ya mazingira. Kilo 20 zikitoka wodini na 15 tu zikafika kwenye tanuri, kilo 5 zitafutwe siku hiyo hiyo, kabla watoto hawajaziokota jalalani.

Sindano iliyotumika yaweza kuambukiza homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Mtoto akichomwa, osheni jeraha kwa maji na sabuni bila kulikamua, mkimbizeni hospitali mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzishwa kabla saa 72 hazijapita. Semeni pia sindano iliokotwa wapi, iandikwe.

Wenye kisukari, wekeni sindano zenu katika kopo gumu lenye kifuniko, mlipeleke kituo cha afya. Msizitupe chooni wala jalalani.