Deni la Kilomita Hufuata Gari
Kwa wenye magari wanaozungumza Kiswahili nchini New Zealand

Barabara haijengwi kwa maneno. Hapa New Zealand mwenye gari la petroli huilipia barabara kila anapojaza tangi, takribani senti 70 kwa lita. Mwenye dizeli hulipa kwa kilomita, tangu zamani. Mwenye gari la umeme alikuwa amesamehewa ili watu wayapende magari hayo. Msamaha huo uliisha tarehe 31 Machi 2024. Asije mtu akasema hakuambiwa.

Sasa gari dogo la umeme hulipa dola 76 kwa kila kilomita 1,000. Haibridi ya kuchomeka hulipa 38, kwa sababu bado inakunywa petroli na kodi yake imeshakatwa huko. Kuna ada ndogo ya huduma juu yake. Magari mazito yana masharti yake. Mwenye nalo aulize.

Kilomita hununuliwa KABLA ya kuendeshwa, kwa mafungu ya 1,000. Kibali huonyesha kilomita ya kuanzia na ya kumalizia. Odometa ikipita ile ya kumalizia, unadaiwa, hata kama safari yako ni ya kwenda dukani tu.

Linaloleta watu kwetu wakiwa wamefura ni hili. Ndugu ananunua Nissan Leaf iliyotumika. Bei imempendeza, anapeana mkono na muuzaji, anaondoka. Baadaye anadaiwa kilomita alizoendesha mwingine. Tumelisema, tunalirudia: deni hufuata gari. Kabla ya kutoa pesa, washa gari, soma odometa, ilinganishe na kibali. Imezidi? Muuzaji alipe kwanza, au deni likatwe kwenye bei, tena kwa maandishi. Wala usidhani hakuna anayeona: fundi wa ukaguzi huandika kilomita zako kila gari linapokaguliwa, na taarifa hufika Waka Kotahi, wakala wa usafiri.

Mtatuuliza haki iko wapi, maana haibridi isiyochomekwa, inayotumia lita 4 kwa kilomita 100, huchangia kama dola 32 tu kwa kilomita 1,000, kodi ya mauzo ikiwemo. Swali ni halali. Serikali imetangaza nia ya kuyaingiza magari madogo ya petroli pia kwenye malipo ya kilomita. Mpaka hapo, utakayoulizwa ukisimamishwa na polisi ni sheria ya leo.

Leo, kabla hujalala, shuka ukasome odometa yako.