Injili Ipi?



Ndugu zangu, muhula uliopita jirani yangu wa bwenini hapa Mudende, kijana wa kwaya, aliniletea tangazo la Kinyarwanda nimtafsirie kwa Kiswahili. Walikuwa wanatarajia wageni kutoka Goma. Tangazo lilisema "Igitaramo cya gospel". Nikaandika "Tamasha la Injili", kisha nikaikata kalamu juu yake nikamwambia, "Ndugu yangu, hii siyo Injili. Injili ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Isa, nyinyi mnapiga magitaa." Akajibu kwa upole, "Mimi sikuandika Injili. Niliandika gospel. Injili umeiandika wewe."

Sikuwa na jibu. (Kama inajuzu kumsaidia mtu tangazo la namna ile ni suala la fiqhi. Nililipeleka kwa ustadhi na silileti hapa.) Kilichoniuma ni kumlaumu mtu kwa neno lililotoka kwenye kalamu yangu mwenyewe, na mimi ndiye ninayesomea masomo ya Kiislamu.

Tuanze na Qur'ani. Neno Injili limetajwa humo mara 12, na kila mara kwa umoja. Katika Suratul Maida aya ya 46 tunaambiwa kwamba Isa (a.s.) alipewa Injili, ndani yake mna uongofu na nuru. Kwa hiyo kwetu Injili ni wahyi aliopewa Mtume, kama Musa (a.s.) alivyopewa Taurati. Wako wanazuoni wa lugha waliojaribu kulipatia neno hili mzizi wa Kiarabu, lakini Zamakhshari katika tafsiri yake, al-Kashshaf, aliona huko ni kujikalifisha bure: neno ni la kigeni. Asili yake ni Kigiriki, maana yake habari njema, na watafiti wengi wanaona liliwafikia Waarabu kupitia Uhabeshi.

Kwa Mkristo, Injili ni habari ya wokovu, halafu ni vile vitabu vinne vya Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Waarabu Wakristo wana hata wingi wake, anajili. Wamisionari walipotafsiri Biblia kwa Kiswahili katika karne ya 19 walilichukua neno ambalo Waislamu wa pwani walikuwa nalo tayari. Ndiyo maana leo sisi na wao tunasema Injili, na kila mmoja anadhani mwenzake anazungumzia kitu kile kile.

Hapa kwetu Rwanda mambo ni tofauti, na hapo ndipo nilipojikwaa. Kinyarwanda kimegawa kazi. Mkatoliki anasema Ivanjili, Mprotestanti anasema Ubutumwa Bwiza, na muziki umeachiwa neno la Kiingereza, gospel. Katika Kiswahili mizigo yote hiyo inabebwa na neno moja. Mwimbaji wa Nairobi au Dar es Salaam ni "msanii wa injili", na hakuna anayemdhania kuwa ameteremshiwa kitabu. Magazeti nayo huandika kwamba mwanasiasa fulani "anahubiri injili ya umoja", au mkulima fulani "anaeneza injili ya kilimo hai". Hapo dini haimo kabisa. Ni ujumbe tu ambao mtu ameushikilia na hachoki kuusema. Binafsi matumizi hayo siyapendi, lakini kutoyapenda si hoja ya kielimu.

Kuna kosa jingine, nalo ni letu zaidi. Katika mihadhara yetu hakosekani ndugu wa kuinua "Injili ya Barnaba" na kusema ndiyo ile ya asili. Nakala yake ya Kiitaliano iko Vienna, na watafiti wanaikadiria kuwa ya karne ya 16 hivi. Tafsiri ya Kiarabu ilichapwa Cairo mwaka 1908. Kitabu hicho hakina isnadi. Tunawadai wenzetu isnadi ya Mathayo, kisha tunawapa kitabu kisicho nayo kwa sababu tu kinatupendeza! Hapa Mudende, palipojulikana kwa chuo cha Waadventista kilichofunguliwa mwaka 1984, utakutana na wasomaji wa Biblia wanaolijua hilo vizuri kuliko sisi.

Siku hizi nikiandika kazi ya darasani naandika "Injili aliyoteremshiwa Isa (a.s.)" kwa kirefu, au "Injili ya Mathayo" kwa jina lake. Mwalimu mmoja alilalamika kwamba narefusha sentensi. Na arefuke moyo.

Yule jirani nilimwendea kumtaka radhi. Alikuwa amekwisha kupata mtafsiri mwingine, na tangazo limebandikwa: "Usiku wa nyimbo za injili". Akaniuliza, "Hiyo Injili yenu ina sura ngapi?" Nikamwambia hatunayo mkononi, tunaamini tu kwamba iliteremshwa. Akavuta kiti. Tulikaa hapo mpaka adhana ya Magharibi.