Anza na mbuzi ya nazi

"Bibi, tusimulie maisha yako." Nilimwambia hivyo bibi yangu kule Pangani, simu ikirekodi. Akajiweka sawa, akavuta khanga, akasema, "Maisha yenyewe ndiyo haya, mjukuu wangu." Kisha kimya. Mwaka uliofuata nilimkuta anakuna nazi, nikauliza tu, "Hii mbuzi uliipata wapi?" Hakunyamaza mpaka adhana ya adhuhuri.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza aanzeje kuandika habari za kwao, namwambia atafute kwanza kitu kinachoshikika: kinu, cherehani, daftari la madeni la dukani kwa baba. Kiulizie kilitoka wapi, nani alikatazwa kukigusa, kiliharibika lini. Na mzee muulize akiwa kazini, anachambua mchele au anasuka ukili, maana mikono ikishughulika ulimi hufunguka. Mbuzi ya bibi ina ufa kwenye kikalio. Kumbe babu ndiye aliyekuwa akiikalia kila jioni kutengeneza nyavu, naye alikuwa mtu wa mwili. Babu sikuwahi kumwona. Uzito wake wote ninaoujua uko kwenye ule ufa.

Kisa ukishakipata, chagua mtu mmoja wa kumwandikia. Mwana Kupona alipoutunga utendi wake mwaka 1858, hali ni mgonjwa, alikuwa akizungumza na binti yake. Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, barua kuanzia 1931 hadi 1958, na leo tunazisoma kitabuni. Anayewaandikia watu wote huishia kuhutubia. Ukimwandikia mtu ambaye hata kicheko chake unakijua, utajua lipi la kumweleza na lipi analijua tayari.

Sasa soma ulichoandika na ufute maneno makubwa. "Bibi alitupenda sana" halimpi msomaji cha kushika. Andika kwamba alikuwa akituwekea machicha yenye sukari ndani ya kifuu, kila mtoto na chake, na aliyechelewa kutoka chuoni alikikuta chake kimefunikwa.

Ukitaka kutunga shairi, utenzi ndio mlango mwepesi. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani 8. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na kina cha kipande cha nne hurudi mwishoni mwa kila ubeti. Mimi nilianza hivi:

Mbuzi iko mlangoni,
Bibi hayupo jikoni,
Tui halipo chunguni,
Na moto umezimika.

Hesabu kwa vidole huku ukitamka. Hapa wengi hukosea: "mlangoni" ni mizani minne, m-la-ngo-ni, kwa kuwa ile "m" inasimama peke yake; lakini "mbuzi" ni miwili tu, mbu-zi. Na kina kisikuburute. Kikikulazimisha kumvika marehemu nguo ya kijani wakati yeye alizoea kaniki, tafuta kina kingine. Watoto wake watakapousikia ubeti huo, wataijua nguo ile kuwa si ya mama yao.

Mkisimuliana, ndugu hawatakubaliana. Dada yangu ana hakika kwamba ile mbuzi iliwahi kuibiwa ikarudishwa. Kaka hajapata kusikia habari hiyo. Usiwe hakimu. Andika kauli zote mbili, kila moja kwa mwenyewe. Habari ya aibu ya mtu aliye hai muulize yeye kwanza, na akikataa, iache.

Mwisho, kabla hujamwonyesha mtu mwingine, msomee kwa sauti yule aliyekupa kisa, kalamu ikiwa mkononi. Bibi alinisikiliza amefumba macho. Nilipofika mahali niliposema babu aliuziba ufa kwa msumari, akaninyooshea kidole. "Si msumari. Aliufunga kwa uzi wa nyavu. Lete hiyo mbuzi nikuonyeshe."