Ndege zisizo na Rubani katika Utafiti wa Angahewa: Funzo kwa Mwandishi wa Sayansi kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi ndege ndogo zisizo na rubani zilivyotumiwa mwezi Machi 2006, katika kisiwa cha Hanimaadhoo nchini Maldives, kupima utusitusi wa moshi na masizi uliotanda juu ya Bahari ya Hindi. Kwa kurejelea utafiti huo, makala yanadai kwamba ugumu wa kuandika sayansi kwa Kiswahili hautokani na uhaba wa istilahi pekee. Chanzo kikubwa zaidi ni kutoelewa kilichopimwa, namna kilivyopimwa na kiwango cha uhakika wa matokeo.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kueleza sayansi na teknolojia si mgeni miongoni mwa wanafunzi na wahadhiri wa lugha hii. Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Wapo pia wanaowajibu kwa kutoa orodha ndefu za istilahi zilizoundwa na taasisi mbalimbali. Pande zote mbili huelekea kusahau jambo moja la msingi: istilahi ni jina la dhana, na dhana isiyoeleweka haiwezi kupata jina linalofaa.

Ili kulidhihirisha dai hili, panahitajika mfano halisi. Mfano uliochaguliwa ni wa utafiti wa nyanjani ambapo wanasayansi walirusha ndege tatu kwa pamoja ili kujibu swali lililokuwa limewatatiza kwa miaka mingi: je, moshi unaotanda angani huipoza dunia au huipasha joto? Kwanza patatolewa usuli wa utafiti wenyewe, kisha mbinu iliyotumika, halafu masuala ya lugha yanayoibuka.

2.0 Usuli wa Utafiti

Wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua vyema upepo wa kaskazi. Upepo huu huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kwa karne nyingi ndio uliosukuma majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Visiwa vya Maldives, vilivyo kusini-magharibi mwa India, vimo katika mfumo uo huo wa pepo za msimu. Katika majira hayo, upepo wa kaskazini-mashariki huvifikia visiwa hivyo ukiwa umepitia Asia ya Kusini. Hubeba moshi wa viwanda, wa magari na wa meko ya kuni na samadi. Pepo zinapogeuka, hewa hutoka upande wa bahari kuu nayo huwa safi zaidi. Kwa sababu hiyo, Maldives ni mahali pafaapo kwa mtafiti anayetaka kulinganisha hewa safi na hewa chafu.

Kati ya Januari na Machi 1999, wanasayansi kutoka mataifa kadhaa walifanya utafiti mkubwa uliojulikana kwa ufupisho wa INDOEX. Miongoni mwa viongozi wake walikuwa Veerabhadran Ramanathan wa Taasisi ya Scripps huko California, na Paul Crutzen, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1995. Walibaini kwamba utusitusi wa rangi ya kahawia ulikuwa umeenea juu ya sehemu kubwa ya kaskazini mwa Bahari ya Hindi, ukifika kimo cha takriban kilomita 3.

Utusitusi huo ulizua swali gumu. Chembe zake si za aina moja. Zipo chembe nyeupe, hasa za salfeti, ambazo huurudisha mwanga wa jua angani na hivyo kupunguza joto. Zipo pia chembe nyeusi za masizi, ambazo huunyonya mwanga na kuipasha hewa joto. Ardhi na bahari zilizo chini hupata mwanga mdogo zaidi, ilhali hewa iliyo katikati hupata joto zaidi. Kiasi cha joto hilo kilikuwa kikikokotolewa tu. Setilaiti huona mwanga unaorudi juu, nacho kituo cha ardhini huona mwanga unaofika chini. Hakuna kati ya viwili hivyo kinachoweza peke yake kueleza yanayotukia katikati.

3.0 Utafiti wa Hanimaadhoo, 2006

Mnamo Machi 2006, Ramanathan na wenzake walipeleka ndege ndogo zisizo na rubani katika kisiwa cha Hanimaadhoo, ambako kituo cha kuchunguza hali ya anga kilikuwa kimefunguliwa mwaka 2004. Kila ndege ilikuwa na uzito wa takriban kilo 30 pamoja na vyombo vyake. Vyombo hivyo vilipaswa kupunguzwa ukubwa hadi vikawa na uzito wa kilo chache tu. Vilipima wingi wa chembe angani, kiasi cha masizi na nguvu ya mwanga wa jua.

Ubora wa utafiti huu ulitokana na mpangilio wa ndege zenyewe. Ndege tatu zilirushwa moja juu ya nyingine, kati ya kimo cha mita 500 na mita 3,000. Umbali wa mlalo kati yazo ulikuwa makumi ya mita au pungufu, na tofauti ya muda haikufika sekunde 10. Safari 18 za namna hiyo zilifanywa.

Umuhimu wa mpangilio huu unaweza kufafanuliwa kwa hesabu ya kubuni. Ichukuliwe kwamba ndege ya juu imepima mwanga unaoshuka, ikatoa ule unaopanda, ikapata vipimo 100. Ndege ya chini nayo imefanya vivyo hivyo, ikapata vipimo 85. Vipimo 15 vilivyopungua vimenyonywa na hewa iliyo kati ya ndege hizo mbili, na ndivyo vilivyoipasha hewa hiyo joto. Lakini hesabu hii husimama tu iwapo ndege zote mbili zimepima kwa wakati mmoja na mahali pamoja. Ndege moja inayopanda na kushuka itakuta jua limesogea au wingu limepita, na tofauti itakayopatikana haitakuwa na maana. Hii ndiyo sababu ya sekunde 10 kuwa na uzito katika utafiti huu.

4.0 Masuala ya Istilahi

4.1 Chombo: rubani yuko wapi?

Chombo kilichotumika huitwa kwa Kiswahili 'ndege isiyo na rubani', na katika miaka ya karibuni neno 'droni' limeenea pia. Istilahi ya kwanza inaeleweka kwa msomaji yeyote, ila ina mambo mawili ya kuzingatiwa. Kwanza ni upatanisho wa kisarufi. 'Ndege' kwa maana ya kiumbe chenye uhai huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA (ndege huyu, ndege hawa), ilhali 'ndege' kwa maana ya chombo huchukua ule wa ngeli ya I-ZI (ndege hii, ndege hizi). Hivyo 'ndege asiye na rubani' ni kosa linalogeuza chombo kuwa kiumbe.

Pili ni maana. Neno 'rubani' lilitumiwa kwa mwelekezi wa vyombo vya baharini kabla ya kupanda angani pamoja na eropleni. Katika utafiti wa Hanimaadhoo mwelekezi hakukosekana: njia iliwekwa katika kompyuta ya ndege, nao watu waliokuwa kisiwani walikuwa wakiifuatilia. Istilahi hii basi humaanisha ndege isiyo na rubani ndani yake. Neno 'droni' halina utata huo, lakini nalo halimwelezi msomaji mgeni chochote. Mwandishi anaweza kuanza na istilahi ya ufafanuzi, kisha akaendelea na neno fupi.

4.2 Kinachopimwa: wingu au utusitusi?

Hali iliyochunguzwa ilikuja kujulikana kimataifa kama wingu la kahawia. Kwa Kiswahili, 'wingu' huashiria matone ya maji au chembe za barafu zilizo angani. Kinachozungumziwa hapa ni chembe za moshi na masizi, na uhaba wa mvua katika majira hayo ndio unaofanya kaskazi iweze kuzibeba mbali bila kuoshwa. Maneno 'utusitusi' na 'masizi' yapo katika lugha tangu zamani. Yeyote aliyewahi kusugua sufuria iliyotoka jikoni anayajua masizi, na anajua kwamba sufuria nyeusi iliyoachwa juani hupata moto kuliko nyeupe. Dhana nzima ya unyonyaji wa mwanga imo katika tajriba hiyo. Palipo na neno la namna hii, kukopa jingine ni kumnyima msomaji daraja la kuvukia.

4.3 Jina na lawama

Uteuzi wa jina si suala la sarufi tu. Mwaka 2002 ilitolewa ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Nairobi. Ripoti hiyo iliiita hali hii Wingu la Kahawia la Asia. Jina hilo lilipingwa, hasa nchini India, kwa hoja kwamba lilielekeza lawama kwa bara moja ilhali tatizo halina mipaka. Baadaye neno la Asia liliondolewa, mahali pake pakawekwa neno la angahewa. Ripoti ya UNEP ya mwaka 2008 ilitaja pia maeneo ya kusini mwa Afrika na bonde la Amazon kuwa miongoni mwa yenye utusitusi huo. Ni bayana kwamba jina la kwanza lilikuwa limefinya dhana.

5.0 Matokeo na Kiwango cha Uhakika

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Agosti 2007. Hapa ndipo mwandishi asiye makini anapoweza kupotosha zaidi, kwa kuwa matokeo hayo yana ngazi tatu zisizolingana kwa uhakika.

Ngazi ya kwanza ni ya kilichopimwa: utusitusi uliongeza kwa takriban asilimia 50 joto la miale ya jua katika tabaka la chini la angahewa. Ngazi ya pili ni ya kilichokokotolewa kwa kompyuta: katika eneo hilo la dunia, utusitusi unaelekea kuchangia ongezeko la joto la tabaka hilo kwa kiasi sawa na ongezeko la karibuni la gesi joto. Ngazi ya tatu ni ya kinachopendekezwa: joto la vyanzo hivyo viwili kwa pamoja, nyuzi 0.25 kwa kila mwongo, huenda likatosha kueleza kupungua kwa barafu ya milima ya Himalaya.

Kiswahili kina vyombo kamili vya kutenganisha ngazi hizi. Kitenzi 'walipima' si sawa na 'walikokotoa', na vyote viwili si sawa na 'walipendekeza'. Maneno 'huenda', 'yamkini' na 'inaelekea' yana kazi yake. Mwandishi anayesema kwamba 'droni zilithibitisha kuwa moshi umeyeyusha barafu ya Himalaya' hajakosa istilahi hata moja, wala hajakosea sarufi. Hata hivyo, amesema uongo. Ndege hizo hazikufika Himalaya; zilipima mwanga na chembe juu ya bahari.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utafiti wa angahewa kwa kutumia ndege zisizo na rubani unaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kuilazimisha lugha. Aidha, yamebainisha kwamba kazi ya mwandishi wa sayansi haiishii katika kutafuta maneno. Anapaswa kujua kwa nini ndege zilikuwa tatu na si moja, na kwa nini jina moja liliachwa likachukuliwa jingine.

Suala hili si la wataalamu pekee. Masizi hukaa angani kwa siku au wiki chache tu, tofauti na kaboni dioksidi inayodumu kwa karne nyingi. Kwa hivyo, hatua ya kuyapunguza huzaa matunda mapema, na hatua hiyo huanzia katika meko na magari ya watu wa kawaida. Watu hao watashawishika iwapo wataelezwa jambo hili kwa lugha wanayoielewa, na kwa ukweli usiotiwa chumvi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi ya kuwaandaa waandishi wa namna hiyo, kwa kuwakutanisha na wenzao wa vitivo vya sayansi kabla ya kuwapa kamusi.