Dirishani, Mwili Huhudumia Kabla ya Mdomo

Mzee anafika dirishani na bahasha ya kaki mkononi. Afisa aliye ndani anasema "Karibu", macho kwenye simu, kiwiko mezani, shavu limelala kiganjani. Neno limetoka, lakini mzee hajakaribishwa, na mwenyewe anajua. Atakachosimulia nyumbani jioni ni lile shavu, hata kama shida yake ilitatuliwa siku hiyohiyo.

Kama kazi yako ni kupokea watu, iwe benki, zahanati au halmashauri, mwili wako ni sehemu ya huduma. Kwenye semina utasikia kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti. Usiimeze takwimu hiyo nzimanzima. Ilitokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian, yaliyochapishwa Marekani mwaka 1967, na yalihusu hisia tu: mtu anaamini kipi pale neno, sauti na uso vinapopingana. Hapo uso ndio ulioaminiwa zaidi. Kwa hiyo maneno yako yana uzito wake. Kazi yako ni kuhakikisha mwili hauyakanushi.

Acha ulichoshika. Mteja akifika, laza simu kifudifudi, ondoa mikono kwenye kibodi, kisha mgeukie kwa kifua, siyo kwa shingo pekee. Kama una kazi isiyoweza kukatizwa, inua macho umwambie: "Shikamoo mzee, nipe dakika moja nimalize hili." Anayejua kwamba ameonekana husubiri kwa utulivu. Asiyejua huanza kugonga kaunta.

Salimia kwa umri, siyo kwa cheo. Tai na kitambulisho cha kazi havimwondolei mtu mzima shikamoo yake. Ukiweza, inuka kidogo kitini unapoitoa.

Tumia macho kwa kiasi. Wengi wetu tumelelewa tusimkazie mkubwa macho, na ni malezi mema. Lakini kwenye usaili, hasa mbele ya wageni, macho ya chini muda wote huweza kuchukuliwa kuwa unaficha jambo. Shika njia ya kati: mtazame usoni anapoeleza, teremsha macho unapoandika, yarudishe unapomjibu.

Angalia mikono. Pokea na toa nyaraka kwa mkono wa kulia au kwa mikono miwili. Karatasi iliyosukumwa juu ya kaunta humfanya mwenye nayo ajione mzigo. Ukimwelekeza chumba namba fulani, nyoosha kiganja kilicho wazi. Kidole na kidevu viache. Usimsikilize mtu umeshika kiuno. Na kwa kupeana mikono, mwanamume asiharakishe kumnyooshea mwanamke mkono. Amwachie aanze mwenyewe. Akiweka kiganja kifuani, jibu vivyo hivyo.

Chunga mdomo usiosema. Kusonya, kubetua midomo, kukonyezana na mwenzako, au kuteta naye kwa lugha ya nyumbani mkicheka huku mteja amesimama: kila kimoja kinatosha kumfanya aamini kwamba anayesemwa ni yeye. Hata kama mlikuwa mnazungumzia mpira, hana namna ya kujua.

Mteja akifoka, punguza kila kitu. Hapa ndipo weledi hupimwa hasa. Mwili wako utataka kusimama, kukunja mikono kifuani na kupandisha sauti. Fanya kinyume chake. Shusha mabega, weka mikono mezani aione, ongea polepole na chini kidogo kuliko yeye. Chukua kalamu uandike anachosema, kisha umsomee: "Ulikuja Jumatatu, ukaambiwa faili halipo, leo tena halipo. Ni hivyo, mama?" Mtu anayeona maneno yake yakiandikwa hupunguza sauti, kwa sababu haja ya kufoka imekwisha. Ukiona bado anapanda, mwombe mkae pembeni, mbali na macho ya foleni. Mbele ya watu ni vigumu mtu kurudi nyuma bila aibu.

Usijaribu kubadilisha yote kwa siku moja. Chagua jambo moja kwa wiki, umwombe mwenzako unayemwamini akuangalie saa tisa alasiri, foleni ikiwa bado ndefu na wewe umechoka. Hapo ndipo tabia halisi huonekana, maana asubuhi kila mtu ni mkunjufu.

Wakuu wa idara nao wana sehemu yao. Mtumishi aliyesimama tangu asubuhi bila kiti wala muda wa kula atakunja uso tu, hata akipelekwa semina ngapi. Pangeni zamu, mpeni kiti, mpeni mapumziko yake. Baada ya hapo mna haki kamili ya kumdai uso mkunjufu.